Jinsi ya Kukaa Muscat Bila Kuishi Sandukuni

Mwajiri amekutuma Muscat kwa miezi michache, na tayari nakuona: sanduku liko wazi sakafuni, jikoni kuna kijiko kimoja, na kila anayekukaribisha kwake unamjibu, "Mimi mpita njia tu." Mpita njia wa wapi? Miezi hiyo inakatwa kwenye umri wako, haikatwi kwenye akaunti ya kampuni. Kwa hiyo wiki ya kwanza isiishe hujapanga nguo kabatini na kununua sufuria mbili za maana. Mbuzi ya kukunia, beba kutoka nyumbani. Nazi utazikuta, zikiwemo za Salalah, kusini mwa Oman.

Mji umebanwa kati ya bahari na milima ya Hajar, haukuwa na pa kutanukia ila kujinyoosha kando ya pwani kilomita kwa kilomita. Ukipanga Seeb na ofisi yako iko Ruwi, utazeeka barabarani. Panga karibu na kazi hata kama chumba ni kidogo. Magari yanapita kulia, basi ukivuka anza kutazama kushoto. Mazoea ya nyumbani yatakuua. Na ukipewa gari la kampuni, lioshe, maana gari chafu linaweza kukutoza faini. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, kwa hiyo Jumapili asubuhi bosi wako wa Nairobi akiwa bado amelala, wewe uko mezani. Mwambie mapema, tena kwa maandishi.

Pesa: rial 1 ina baisa 1,000, na hubadilishwa kwa takriban dola 2 na senti 60 za Marekani. Mtu anayepiga hesabu ya shilingi kwa kila kikombe cha chai hanywi chai, anakunywa huzuni. Piga hesabu mara moja kwa mwezi, siku ya kutuma pesa nyumbani. Siku nyingine weka simu mfukoni.

Sasa joto. Wabishi wakubwa ni watu wa Dar es Salaam na Mombasa: "Joto sisi tumezaliwa nalo." Hamkuzaliwa na hili. Juni kipimo hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari hukufuata hadi usiku wa manane, shati likakugandia kabla hujafika langoni. Kuanzia Juni hadi Agosti, sheria inakataza kazi za juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri. Wewe uliyetumwa kukagua mradi, usiwe yule mkubwa anayekaa ndani ya gari lenye kiyoyozi na kuulizia kwa simu mbona zege halijamwagwa. Wengi wa mafundi wale wametoka India, Bangladesh na Pakistan. Nao pia wako huko kwa muda, ila hawakupewa marupurupu kama yako. Wajue kwa majina. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mgeni mwenye cheo ni mwepesi wa kusahau kwamba na yeye ni mgeni.

Jua likishuka, toka. Nenda Mutrah, ambako maduka mengi ya sokoni hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni. Samaki wafuate asubuhi. Nguru huko wanamwita kanad, na kwa mchuzi wa nazi hana mpinzani. Pembeni ya barabara utaona moshi wa mishikaki, na utaijua harufu kabla ya kusoma kibao. Mbele ya vibanda vya chai watu hawashuki garini: wanapiga honi, mhudumu anawaletea chai ya karaki ya moto dirishani. Wewe shuka, ukae. Jirani hapatikani kwa honi.

Nyumbani kwa mtu utakaribishwa kwa halua au tende, kisha kahawa nyepesi yenye iliki katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Kipokee kwa mkono wa kulia. Ukitosheka, kitikise kidogo unapokirudisha. Asiyejua hilo hujaziwa hadi macho yamtoke, na mwenyeji hatamwambia.

Halafu itafika siku ambayo mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono atakusikia ukizungumza kwenye simu, atageuka na kusema, "Hujambo mwanangu, umetoka wapi?" Hapo ndipo wageni wetu wengi huharibu. Wanachukua simu kumrekodi kama kioja, au wanamrushia swali la mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 kabla hata hawajamwamkia. Mwamkie kwanza: shikamoo yako ataipokea kwa furaha. Huenda alizaliwa Unguja au Pemba, huenda Tabora, huenda Bujumbura. Wapo waliokimbia baada ya mapinduzi hayo, na wapo waliorudi baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani walioko nje. Kuna waliopoteza watu. Na wewe pia huenda una bibi aliyekusimulia habari za utumwa na mashamba ya karafuu. Masimulizi hayo mawili yanakaa kwenye mkeka mmoja, na si kazi yako kuyaamua kwa kikombe kimoja cha kahawa. Muulize juu ya mtaa aliokulia, shule aliyosoma, embe alizokuwa akiiba. Mengine atayasema mwenyewe akitaka, na akitaka, usimkatize. Kwangu mimi, saa moja ya namna hiyo inazidi picha zote utakazopiga kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ingawa huko nako nenda. Kama si Mwislamu, utaingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa.

Mwezi wa Ramadhani ukikukuta huko, usile wala kunywa hadharani mchana, na usipange mikutano ya alasiri. Usiku ukialikwa futari, usitume udhuru wa ripoti. Ripoti itangoja hadi kesho.

Siku za kuondoka zikikaribia, andika karatasi moja kwa ajili ya mwenzako atakayekupokea: fundi cherehani wa kuaminika, kibanda cha chai, muuza samaki asiyepandisha bei, jina la mzee na saa anazopenda kutembelewa. Sufuria mwachie. Mbuzi ya nazi pia.