Hotuba ya Bingwa wa Pumzi na Baridi

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hajafika, mabibi na mabwana, nanyi mlioingia kwa kufuata feni: karibuni Dar es Salaam ya baridi. Mnayemsikiliza ni Daktari, Profesa, Mhandisi Mkuu wa Pumzi. Vyeo hivyo nimejitunuku mwenyewe, maana vyuo vikuu vina urasimu.

Waholanzi wana Wim Hof, bingwa wao wa pumzi na baridi, aliyezaliwa mwaka 1959. Mwaka 2007 alipanda Everest na kaptula, mguu ukamrudisha kabla ya kilele. Kilimanjaro, mita 5,895, alifika kileleni, kaptula kiunoni. Wapagazi wetu wanaupanda mlima huohuo wakibeba mizigo ya wageni, lakini wanakosea: wanavaa makoti. Ndiyo maana hawaalikwi kutoa hotuba.

Sasa somo, kwa mbinu yake. Vuta hewa hadi tumbo lijae, iachie bila kuisukuma, mara 30 hadi 40. Kisha toa pumzi na ujizuie kuvuta nyingine mpaka mwili udai. Vidole vitakufa ganzi, kichwa kitakuwa chepesi. Huo ni mwanzo wa hekima. Muuguzi mmoja darasani kwangu akabisha, eti ni kaboni dayoksaidi iliyopungua katika damu, nayo ndiyo inayoushtua ubongo kudai hewa. Ikipungua mno, mtu huzimia bila hata kuhisi haja ya kupumua, na akiwa majini huzama kimya. Nilimtoa nje kwa utovu wa adabu. Halafu nikabandika ukutani ugunduzi wangu: zoezi hili ni marufuku majini, na marufuku ukiendesha bodaboda.

Ushahidi? Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2014! Vijana 24, wanaume, wote wazima wa afya, walidungwa sumu ya bakteria. Nusu yao walikuwa wamefundishwa mbinu hii. Adrenalini ya waliofundishwa ilipanda na dalili zao za ugonjwa zikawa hafifu zaidi. Kwa ushahidi wa vijana hao 24 mimi natibu kisukari, madeni na ndoa.

Kuhusu baridi, nakiri bomba la mjini halinisaidii. Maji ya tangi la juu ya paa, saa nane mchana, yanatosha kunyonyolea kuku. Kwa hiyo barafu naichukua Feri, kwa wauza samaki. Jana dada mmoja aliibuka kwenye pipa langu la barafu akiwa na gamba la changu kwenye nyusi, akauliza kama nalo ni tiba. Nalo ni tiba, linalipiwa kando.

Naona mzee kule nyuma ananyoosha mkono. Anasema alioga maji ya ndoo shule ya bweni Lushoto, saa kumi na moja alfajiri, miaka minne, bure. Mzee wangu, shikamoo, lakini hukuoga kitaalamu. Ulipiga kelele tu.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari, yule aliyesomea. Wengine jipangeni mstari mmoja, fedha mkononi. Barafu inayeyuka, na hatutarudisha pesa ya mtu.