Jinsi ya Kuonekana Bingwa wa Chaza Bila Kujichosha

Unataka chaza mkubwa sebuleni. Sababu huna haja ya kunieleza, naijua: unataka mgeni akiingia asahau hata kusalimia, asimame mbele ya tangi akiuliza hicho ni kiumbe gani. Hamu hiyo haina ubaya. Tatizo ni kudhani kwamba sifa hiyo inapatikana kwa kuhangaika. Mikono isiyotulia inaua chaza kuliko uvivu. Basi nakufundisha uvivu wenye akili. Hizi hapa njia za mkato nane, zote za halali.

1. Chelewa kununua

Weka miamba, mchanga, samaki wachache na matumbawe yasiyo na makuu, kisha subiri miezi sita, ikiwezekana mwaka. Muda huo bakteria wanajijenga kwenye miamba na kugeuza amonia inayotoka kwa samaki iwe nitriti, kisha nitrati. Kazi wanafanya wao, sifa utachukua wewe. Rafiki akiuliza chaza yuko wapi, mjibu: "Tangi bado halijakomaa." Umesema kweli, na tayari unasikika kama fundi.

2. Chagua mwenye kusamehe

Muuzaji ataanza kukuonesha chaza wa aina ya maxima na crocea, kwa sababu rangi zao za buluu na zambarau zinajiuza zenyewe. Hao ndio wanaodai mwanga mkali kuliko wenzao. Derasa na squamosa ni wavumilivu zaidi, ila derasa huweza kupita nusu mita, hivyo mpe tangi pana. Gigas msahau kabisa. Huyo hupita mita moja na kilo 200, na sebule yako haimtoshi.

Chukua mwenye sentimita 8 hadi 12, maana walio wadogo sana hawana akiba ya kuvumilia makosa yako. Kabla hujalipa, mpime. Pitisha kiganja juu ya tangi bila kumgusa. Pembezoni mwa joho, ile nyama ya rangi inayochomoza nje ya gamba, ana mamia ya macho madogo. Kivuli kikipita, mzima hujikunja papo hapo. Asiyeshtuka mwache. Aliyeachama, tundu lake la kuvutia maji likiwa limepanuka kupita kiasi, mwache pia, hata ukipunguziwa bei.

3. Nunua mwanga, usinunue chakula

Hii ndiyo njia ya mkato kubwa kuliko zote. Ndani ya joho wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Wanatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa wanampa mwenyeji wao. Chaza huchuja pia vijidudu na chembe zilizomo majini, lakini kwa mwenye ukubwa niliokutajia, ndani ya tangi lenye samaki wanaolishwa, chupa za chakula si lazima. Pesa hiyo iweke kwenye taa.

Usijitese kutafuta nitrati sifuri, kwa sababu chaza na mwani wake wanaitumia. Ikibaki kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, tulia. Taa tu usimwashie kwa nguvu yote siku ya kwanza. Anza chini, upandishe polepole kwa wiki mbili tatu. Halafu funga taima ya saa kumi kwa siku, uende zako.

4. Mtegee jiwe

Maxima na crocea wapandishe kwenye mwamba. Derasa mkalishe mchangani, na squamosa anakubali kote kuwili. Chagua mahali ambapo maji yanapita kwa wastani, yasimpige joho moja kwa moja.

Sasa ujanja wenyewe. Kabla hujamlaza mchangani, fukia jiwe bapa chini yake. Chaza hutoa nyuzi kutoka mguuni na kujishikiza. Akishajishikiza kwenye jiwe, siku ukitaka kumhamisha unabeba jiwe, yeye wala hasumbuki. Usimng'oe kamwe. Nyuzi zikivutwa kwa nguvu zinachana kiungo kinachozitoa, na chaza aliyechanika hapo mara nyingi hafiki mbali. Ikibidi, kata nyuzi kwa wembe karibu na jiwe. Na kila anapotoka majini, ukimrudisha mgeuze taratibu chini ya maji mpaka hewa iliyonaswa ndani ya gamba itoke.

5. Mwachie mashine hesabu

Gamba limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, na malighafi yake yanatoka kwenye maji yako. Lenga kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, alkalini 8 hadi 10 kwa kipimo cha dKH, uzito wa maji ya chumvi 1.025 ukilinganishwa na maji matamu, na joto nyuzi 24 hadi 27. Ukishafika humo, acha kuchokonoa. Maji yenye alkalini 8 kila siku ni bora kuliko yanayoruka kutoka 7 hadi 11 kwa sababu mwenye tangi alipatwa na ari ya ghafla.

Kwa hiyo nunua pampu ya kudondosha madini kidogo kidogo, na kifaa cha kujaza maji yanayopungua. Maji yakigeuka mvuke, chumvi inabaki, hivyo unachorudisha ni maji matamu yaliyochujwa vizuri, si maji ya chumvi. Pima alkalini mara moja kwa wiki, maana ndiyo huwahi kushuka. Kisha chungulia ukingo wa gamba. Ukiona utepe mpya mweupe, safi, usio na ukungu wa mwani, chaza anakua. Huo ndio utepe wa kupigia picha na kuwarushia ndugu.

6. Kataa kuwa daktari

Samaki akiugua, mtoe umtibu kwenye tangi la pembeni. Dawa za shaba usizitie kabisa kwenye tangi la chaza. Shaba huua chaza, na masalia yake hunasa kwenye miamba na mchanga. Samaki nao wachague mapema. Samaki malaika na baadhi ya vipepeo hupenda kudonoa joho, na chaza anayedonolewa kutwa hujifunga, akakosa mwanga, akadhoofika.

7. Kagua usiku mmoja

Fanya hivi wiki za mwanzo. Taa zikishazimwa saa kadhaa, shika tochi umulike ukingo wa gamba na sehemu ya chini, mguuni. Unatafuta konokono weupe, wadogo kama punje ya mchele. Mchana wanajificha, usiku wanapanda na kunyonya maji ya mwili wa chaza. Ukiwaona, mtoe na jiwe lake, wabandue, kisha sugua gamba kwa mswaki laini ili mayai yao, ule ute unaong'aa, yaondoke nayo. Rudia baada ya siku chache. Hapa ndipo uvivu hauruhusiwi.

8. Ukishindwa, shindwa kiungwana

Chaza akianza kuachama, pima maji kwanza, mtazame kama kuna konokono, tazama samaki gani anamsogelea. Usimhamishe kila siku kumtafutia bahati. Akifa, mtoe saa hiyo hiyo, kwa sababu nyama yake inaoza haraka na maji yakichafuka unapoteza na wengine. Aliyeokoa tangi zima anastahili heshima yake.

Imebaki moja, nayo haina mkato. Biashara ya kimataifa ya chaza wakubwa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu miaka ya 1980, kwa kuwa sehemu nyingi walivunwa mpaka wakaadimika. Shamba la Palau lilionesha kwamba wanaweza kuzalishwa kwa wingi, na leo wa shambani wanapatikana. Maxima na squamosa wako pia kwenye miamba ya pwani yetu ya Kenya na Tanzania. Hao waache hapo hapo baharini, ukawatazame kwa miwani ya kuzamia. Wa nyumbani kwako awe wa shambani, mwenye karatasi. Muulize muuzaji ametoka wapi. Akishindwa kukuonesha, rudisha pesa mfukoni uondoke.