Mwongozo wa Ibada kwa Msharika Mwenye Saa Mkononi

Mgeni anayepita Karatu kwenda kreta ya Ngorongoro haachwi hivi hivi. Ana dereva, ana darubini, ana lanchi boksi. Anaingia lango la Lodoare saa 12 asubuhi katikati ya ukungu, anateremka mita 600 hadi chini, anakaa garini saa tano akimsubiri faru asiyetokea, na jioni anawaambia wenzake siku ilikuwa nzuri ajabu. Msharika wa Karatu anakaa kwenye benchi saa mbili na nusu, maiki inapiga mluzi mara mbili tu, naye anarudi nyumbani akinung'unika kwamba leo hakubarikiwa. Ni dhahiri anakosa mwongozo. Huu hapa. Unafaa kwa sharika za KKKT, kwa vigango vya Jimbo Katoliki la Mbulu, na kwa ndugu zetu Wapentekoste, ambao kwa sababu ya spika watalazimika kuusoma wakiwa nyumbani.

1. Saa ya ibada ni ombi, si amri

Ukifika saa tatu kamili, kama tangazo linavyosema, utamkuta mzee wa kanisa akifuta vumbi jekundu kwenye mabenchi na kijana akijaribu maiki: "Moja, mbili. Moja, mbili." Tatu haifiki. Usikasirike. Mwaka 2011 maelfu ya watu wa kila dini walikaa foleni Samunge, hapo wilaya jirani ya Ngorongoro, wakisubiri kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Walilala kwenye magari na kuendelea kusubiri. Uvumilivu tunao, ila tunauchagulia pa kuupeleka. Chukua kitambaa, msaidie mzee kufuta. Benchi la nne likiisha utakuwa umeshajua nani kalazwa, nani kajifungua na nani kauza shamba.

2. Kwaya uihukumu kwa kalenda

Julai hadi Septemba ni msimu wa wageni. Besi wote wako kreta wanaendesha magari, na sauti ya tatu iko lodge inakaanga mayai. Waliobaki ni akina mama na kinanda chenye mdundo mmoja, uleule kiliokuja nao kutoka dukani. Hapo mzee mmoja ataanzisha wimbo juu mno. Ubeti wa kwanza wanaume wanaufikia kwa shida; wa pili mishipa ya shingo inaonekana; wa tatu wanatazama vitabu kimya, kana kwamba wanahakiki maandishi. Ndipo bibi mmoja wa benchi la nyuma anaushusha wimbo bila kuomba ruhusa, na kanisa zima linashuka naye. Kaa macho hapo. Ni nadra kijiji kizima kukubaliana jambo bila kuitisha kikao.

3. Mahubiri yapokee mara mbili

Mchungaji ana mitaa mingi na pikipiki moja, kwa hiyo leo utahubiriwa na mwinjilisti. Akisema "nikielekea kumalizia", jua mmefika katikati. Kando yake yuko mkalimani wa Kiiraqw. Mwinjilisti akitoa sentensi moja, mkalimani anatoa nne, na wazee wanacheka kwenye ile ambayo mwinjilisti hakuisema. Usijione umepunjwa. Mwana mpotevu wa mkalimani hatapanyi mali tu. Anatapanya ng'ombe, mmoja mmoja, kwa rangi zao, na hao ng'ombe ndio watakaokumbukwa hadi Ijumaa.

4. Usilale wakati wa matangazo

Hayana haraka, na ndilo gazeti pekee linalokuandika na wewe.

5. Nenda mnadani na noti ndogo ndogo

Baada ya baraka, sadaka za mazao zinanadiwa nje: debe la ngwara, boga, vitunguu vya Mang'ola, jogoo aliyefungwa miguu na asiyefurahia ibada. Mayai manne ya bibi yanaanzia elfu moja, yanafika elfu kumi, mnunuzi anayarudisha, yananadiwa upya. Mchumi atakuambia bei ya yai imevurugwa. Mkubalie. Bibi yule hana bahasha wala ahadi ya ujenzi, lakini leo mayai yake yamechangia bati kuliko bahasha nyingi.

6. Tofautisha kasoro na kasoro

Miaka ya 1960 padre Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alihubiri kwa Wamaasai upande wa Loliondo. Katika kitabu chake cha mwaka 1978, Christianity Rediscovered, anaeleza kwamba siku ya misa kishungi cha majani, ambayo kwa Wamaasai ni ishara ya amani, kilipitishwa mkono kwa mkono kijiji kizima. Mtu au kundi likikataa kuyapokea, siku hiyo hapakuwa na Ekaristi. Hapakuwa na maiki ya kusingizia.

Kwa hiyo kabla hujamfuata mzee wa kanisa kulalamikia kinanda, angalia umekaa mbali na nani makusudi. Mdundo mbovu haujawahi kuharibu ibada. Wawili walionuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba la mbaazi wanaiharibu vizuri sana, huku kwaya ikiimba bila kosa.

7. Ukishindwa yote hayo

Nunua bando, utazame ibada ya jijini kwenye simu. Sauti safi, suti zinafanana, na hakuna wa kukusimamisha ujitambulishe kama mgeni. Ina upungufu mmoja mdogo. Siku ukifiwa, uwe Rhotia au Endabash, kwaya ile haitakuja kukesha, wala haitaleta turubai na masufuria. Watakaokuja ni hawa hawa, na wimbo wataanza juu mno.

Bando la siku linaisha ndani ya saa 24. Matanga huchukua siku kadhaa. Piga hesabu mapema. Ukiamua kubaki, washarika wapya huandikishwa baada ya matangazo, na matangazo umeshaonywa yalivyo.