Sitini kwa Themanini

Katika nyumba yetu ya Mbagala, mwenye neno la mwisho kuhusu namba ni Baba Salma. Amefundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, na ubishi wowote wa chenji, wa luku au wa umri wa mtu huishia mezani kwake. Kwa hiyo ujumbe wa wifi yangu ulipoingia kutoka Minneapolis, simu alikabidhiwa yeye, nasi tukakaa kimya kusubiri hukumu.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Nafika 06/07, 2:45 PM. Nitengenezeeni kitanda, 60 x 80. Mashuka yake ninayo."

Mama mkwe akaanza na saa. Mtego wa saa tunaujua. Kila aliyewahi kupokea mgeni wa mbali ameshamkosa kwa saa sita. Baba Salma akamtuliza: hiyo si saa mbili ya usiku, ni saa tisa kasoro robo mchana. Tukapumua. Mtego mmoja umeteguliwa, nani angehangaika kutafuta wa pili? Tarehe sita mwezi wa saba ilisomeka yenyewe, tena ilikuja na sababu yake, maana kesho yake ni Saba Saba. "Mwanangu anakuja kwenye maonyesho," mama akasema, na Baba Salma akaizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Siku hiyo hiyo alishapanga nani atampeleka dada yake viwanjani, na kwa gari la nani.

Kikabaki kitanda. Baba Salma akampigia fundi wa Keko, akamtajia namba kama zilivyoandikwa: sitini kwa themanini, mninga, nusu ya malipo kwanza. Sasa, seremala wa Dar es Salaam kitanda anakijua kwa futi. Utamwambia nne kwa sita, tano kwa sita, au sita kwa sita ukiwa na uwezo, kisha godoro utalitaja unene kwa inchi, naye atakuelewa hata akiwa usingizini. Sitini kwa themanini hajawahi kuagizwa. Kwa futi, hicho ni kiwanja cha kujenga nyumba. Kwa sentimita ni kitanda cha mtoto mchanga. Inchi hazikumjia akilini, wala mteja wake hakuzitaja. Fundi akachagua mtoto mchanga.

Kitanda cha mninga kililetwa kwa bodaboda, na hilo peke yake lingetosha kututia wasiwasi. Siwezi kumnyima fundi haki yake: kilikuwa kizuri. Kilipigwa vanishi ikang'aa, na kikawekewa vizuizi pande zote nne ili anayelala asidondoke. Mama mkwe alikizunguka mara moja, kisha akamgeukia Salma na kumtazama kuanzia usoni hadi tumboni.

"Kumbe. Na mimi nilikuwa niambiwe lini?"

Salma aliapa kwa majina yote anayoyajua. Baba yake alikuwa ameshashika simu, anafoka, na upande wa pili fundi anajibu kwa upole wa mtu mwenye ushahidi: "Mwalimu, namba si umenipa wewe?" Katikati ya zogo hilo ikaingia simu nyingine. Wifi.

"Nipo uwanja wa ndege."

"Mbona unaondoka mapema hivyo, dada?"

"Naondoka wapi? Nipo Dar! Nimesimama hapa na mabegi, ninyi mko wapi?"

Siku hiyo ilikuwa tarehe 7 Juni.

Marekani mwezi hutangulia, siku hufuata, mwaka humalizia. Wifi ameishi huko muda mrefu kiasi kwamba mkono wake haukumuuliza. Kuanzia tarehe 13 kuendelea hakuna shida, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu na macho hushtuka yenyewe. Hatari iko katika siku kumi na mbili za mwanzo, ambapo kila upande husoma kwa raha na kila upande hupata jibu. Ndiyo maana tiketi za ndege huandika mwezi kwa herufi, na pasipoti vilevile. Tiketi ya wifi ilisema Juni bila kificho. Ni yeye aliyeigeuza kuwa namba ili kufupisha ujumbe. Upo hata utaratibu wa kimataifa, uliotolewa mwaka 1988 kwa namba ISO 8601, unaotaka mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku. Baba Salma alitusomea habari zake usiku ule kwa sauti, wakati mabegi ya dada yake yamelazwa kwenye kitanda cha mtoto na mwenyewe amebanana na mama yake kitandani.

Wala tusidhani tano kwa sita ingetuokoa. Inchi 60 kwa 80 ni futi 5 kwa futi 6 na inchi 8. Mashuka ya Minneapolis yangezidi upande wa miguuni.

Balaa halikuishia hapo. Wifi alimletea mama zawadi ya kipimajoto, na mama, ambaye hakatai kupimwa, akakibana kwapani. "Tisini na nane nukta sita," wifi akasoma huku anatabasamu. Mama hakutabasamu. Maji huchemka kwenye mia, hilo alilisikia kwa wajukuu wakidurusu. Akaanza kugawa kanga zake, ipi ya nani, na kumtaka mwanawe amlipe muuza maziwa. Baba Salma akatoa 32, akazidisha kwa 5, akagawa kwa 9, akapata 37. Mama akazirudisha kanga sandukuni.

Kwa kujitetea, mwalimu alitukumbusha kwamba wakubwa nao hujikwaa. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo; ikatua bila injini huko Gimli, na watu wote wakapona. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa kuchanganya vipimo vya Kiingereza na vya meta. "Hao walikuwa na kompyuta," alisema.

Wifi alimwacha amalize, kisha akamuuliza misumari ya kitanda kile alinunua vipi. Ya inchi nne, akajibu, kilo moja. Hakuna aliyecheka kuliko mama.

Maoni yangu ni kwamba Marekani haina wa kumlaumu. Ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizotia saini Mkataba wa Meta mjini Paris mwaka 1875, na tangu 1959 inchi yake yenyewe inapimwa kwa meta: sentimita 2.54 kamili. Inakubali kipimo maabara na kukikataa jikoni.

Nanyi wenye ndugu ughaibuni, mwambieni aandike "Juni" kwa herufi, na neno "inchi" alitangulize kabla ya sitini. Na kama kwenu kuna mtoto mchanga, kitanda cha mninga, sentimita 60 kwa 80, kinauzwa Mbagala. Hakijalaliwa. Maelewano yapo.