Mashemeji Watalipa

Nikiingia duka la mtaani kwetu Kondele nikanunua panga, kijana wa duka hunikabidhi hivyo hivyo, makali nje, nikalibeba barabarani na hakuna anayegeuza shingo. Nikiomba sodo, kijana huyo huyo anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anachomoa gazeti la juzi na kuifungasha kama chang'aa. Majuzi nimetoka na pakiti iliyofungwa kwa ukurasa wa mbele, mheshimiwa fulani akinichekea kutoka kwapani. Mheshimiwa mwenyewe hakuona haya. Aliyeona haya ni muuza duka.

Zamani kulikuwa na juala jeusi. Kisha ukaja mwaka 2017. Mwezi Juni Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi sheria ya kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo, na ilipofika Agosti mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Tumepewa kitu, tukanyang'anywa cha kukifichia! Na ushuru wa VAT kwenye sodo uliondolewa tangu 2004, kwa hiyo msiniambie Serikali haijui kwamba sisi hutoka damu. Inajua. Ni duka ambalo bado halijaarifiwa.

Ndiyo maana nataka Kisumu tuwe na maonyesho ya sanaa kuhusu mwili wa mwanamke: damu yake, uzazi wake, magonjwa yake, na nani hasa mwenye kauli juu yake. Wala si mambo ya kuiga wageni. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alichukua michoro ya kale ya madaktari ya uvimbe wa kizazi, akabandika juu yake vipande vya picha mpaka kila ugonjwa ukapata uso wa mwanamke, na macho na midomo. Ukiitazama, nayo inakutazama; inakukumbusha kwamba kizazi kina mwenyewe. Mwaka 2019 sanamu zake nne za shaba, za wanawake walioketi, ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wamekaa zao, hawashikilii paa la mtu kama wale wanawake wa mawe wa majumba ya kale.

Nikamgusia shemeji yangu, kaka yake mume wangu. Akashika kichwa.

"Nyar Seme, mambo ya chumbani utayaanika ukutani?"

Nikamuuliza kama amewahi kufika Makumbusho ya Kisumu. Amefika sana. Alipeleka wajukuu wakaona mamba, nyoka, na yule simba mkavu aliyemrukia nyumbu mgongoni. Basi, shemeji, umepita hapo hapo kwenye Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa uani kwa ajili ya wageni kutazama: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, nyumba ya nyachira, wa pili, nyumba ya reru, wa tatu, kila mke na mahali pake. Boma hilo limesimama juu ya nini kama si mambo ya chumbani? Kwa mila, kupanda kulianza kwa mikayi kulala na mzee. Wake wengine walingoja zamu zao. Mavuno, chumbani. Kuhamia boma jipya, chumbani. Mume akifa, mjane ana wa kumrithi. Mahindi ya ukoo mzima yalisubiri ratiba ya kitanda cha mama mmoja, na wazee wakiifuatilia bila kupepesa macho. Leo mama huyo akisema tumbo la chini linamuuma kila mwezi mpaka anashindwa kusimama, hapo ndipo tunaambiwa kuna siri.

Shemeji akakohoa, akaomba chai.

Mimi vya kuonyesha ninavyo kichwani tayari. Naitaka ile suruali nyeupe. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti akiwa ameivaa, ina doa jekundu, wenzake wakalalamika, Spika akamwambia atoke akabadilishe nguo. Kashfa ngapi zimekalia viti vile bila kuambiwa zikabadilishe nguo? Ningeining'iniza jirani na yule simba na nyumbu wake, tuone wageni watashtukia wapi.

Lakini pesa nyingi ningezimalizia kwenye mashua. Huku ziwani jaboya hahitaji kuelezwa. Samaki wamepungua, mashua ni za wanaume, na mama amesimama ufukweni alfajiri, beseni kiunoni, noti mkononi; mvuvi anataka noti na anamtaka na yeye. Fukwe zote zinajua, na virusi vya Ukimwi vilijua mapema kuliko machifu. Mwaka 2011 kina mama wa ufukwe wa Nduru walianzisha kikundi, wakakiita No Sex for Fish, wakapata mashua zao na kuwaajiri wanaume wavue. Ukitaka mchoro, chora hapo: mama anagawa samaki, mwanamume anaulizia kazi. Halafu 2020 ziwa likafura, likakifukuza kijiji kizima. Hilo nalo ningeliweka, mashua yenye mbao zilizooza na tope lake. Maonyesho si harusi, hatupambi.

Chakula cha ufunguzi kitatoka mtaa wa Obunga. Minofu ya mbuta imeshapelekwa kiwandani, kwa hiyo tutakula mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki, uliokaangwa na kina mama wenyewe, kwa ugali na kachumbari. Nilipofika hapo shemeji aliweka kikombe chini na kuuliza ni tarehe ngapi.

Bado tarehe sina, ukuta sina, wala rangi sina. Msanii yeyote wa Kisumu aliye na brashi na asiye na haya anitafute. Wanawake wataingia bure. Mashemeji watalipa.