Kushusha Gari Kisauni, kwa Wenye Subira

Kwanza hakikisha unakaa ndani ndani, Mtopanga au Mshomoroni, mahali lami inapokoma ghafla na mawe ya tumbawe kuanza kuchomoza. Kushusha gari penye barabara laini hakuna ushujaa wowote. Gari linalofaa ni Impreza ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa shoki zake zimevikwa springi mbele na nyuma: unapata nafasi nne za kujuta. Vitz itakupa mbili tu.

Nunua springi fupi, shoki ziache zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Mwenye duka atakuambia shoki ya zamani ikikaa imezama huchoka upesi na kuvuja mafuta. Huyo anataka kuuza. Ipo na njia ya bei nafuu zaidi, ya kukata springi yako kwa grenda. Springi iliyokatwa huelea bila kushikwa gari linaporuka tuta, na si lazima irudi mahali pake. Njia hiyo mpe shemeji asiyekupenda.

Kazi itaanza na kutu. Hewa ya bahari imeoana na nati za shoki, basi zilowekee dizeli usiku kucha. Gari liweke juu ya stendi, si jeki peke yake. Toa tairi, achia mpira wa breki na waya wa ABS, tia alama boliti mbili za chini, kisha fungua nati za juu, ndani ya boneti. Shoki itatoka na springi yake, kitu kimoja. Mtindo huu ulibuniwa na Earle MacPherson wa Marekani, na Ford wakautia kwenye Vedette ya Ufaransa ya 1949. Nia yake ilikuwa abiria wastarehe. Msamehe.

Hapa sina mzaha: nati ya katikati, kule juu, usiiguse mpaka springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyotazamana, ukikaza kidogo huku na kidogo kule, hadi icheze mkononi. Ukitangulia kuifungua, kitako cha juu kitaruka kwa nguvu ya kuua mtu. Fundi akisema yeye hutumia kamba ya manila, mpe ya chai uondoke.

Springi mpya, ncha yake ikae sawasawa kwenye kidato chake, la sivyo italia kila ukikata kona. Bushi zikaze gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, halafu nenda alaimenti siku hiyohiyo. Ukiipuuza, tairi italiwa upande wa ndani, usioutazama, mpaka waya utokeze.

Sasa endesha. Tuta huvukwa kimshazari, gurudumu moja baada ya jingine, matatu ya Kiembeni ikikupigia honi nyuma na tuktuk iliyobeba kabati ikikupita. Mvua za Mei zikianza, gari lilale nyumbani, wewe panda hiyo tuktuk. Siku ya harusi ndiyo yenye mtihani. Mamkubwa amekaa nyuma na buibui lake, sufuria la pilau miguuni, na tumbo la gari linakwaruza.

“Mamkubwa, samahani, shuka kidogo tuvuke hapa.”

“Mwanangu, umenichukua kwa gari au umenisindikiza?”

Atashuka. Vuka peke yako, apande tena, na usimharakishe, maana tuta jingine liko hapo mbele na utamhitaji akiwa na moyo mzuri.

Springi za zamani usizitupe. Zifunge kwa gunia, zitie uvunguni, kwa sababu mnunuzi wa kwanza ataziulizia kabla hajauliza maili. Utarudi nazo kwa fundi, atazivisha kwenye shoki ambazo sasa zinavuja, utalipa alaimenti tena, naye atakuuliza bila kucheka: “Yakhe, nikutilie na spesa za kuinulia? Wateja wangu wote wa huku ndizo wanazotaka.”