Picha Imegoma Kuhama: Sababu 7, Kuanzia Ndogo Hadi ya Aibu

Unatoa picha kwenye karatasi, unaihamishia kwenye kitambaa, kisha unaizungushia uzi, rangi na vipande vya kitenge. Ukitazama kazi ya mwenzako, unaona ni shughuli ya alasiri moja. Ukijaribu mwenyewe, picha inagoma. Hizi hapa sababu za mgomo. Tunahesabu kwa kushuka, na kadiri namba inavyopungua ndivyo aibu inavyozidi.

7. Hukukifua kitambaa
Kitambaa kipya kina wanga, na wanga haujali usanii wa mtu. Picha inashika juu ya wanga badala ya kushika pamba; siku ikiguswa na maji, vinaondoka vyote viwili bila kuaga. Kifue, kikauke, kipige pasi. Ukiniuliza kitambaa gani, nitakwambia merikani: pamba tupu isiyopaushwa, ile ile ambayo wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa wakiishusha Unguja katika karne ya 19. Bei nafuu, haina makuu, na hata ukiiharibu hulii sana.

6. Umeleta picha yenyewe
Picha ya harusi ya bibi, ile ya studio, haina tona, ule unga wa mashine ya foto kopi, unaoweza kuhama. Ukiipaka dawa ya kuhamishia utaiua tu, na ukoo utakuitia kikao. Ipige foto kopi. Bibi ni mmoja, kopi hata mia.

5. Umeamini printa ya nyumbani
Printa nyingi za nyumbani hurusha wino wa maji. Mashine ya foto kopi ya pale steshenari hutumia tona, yaani unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto mpaka ugande kwenye karatasi. Ndiyo maana ukilaza kopi kifudifudi, ukaipaka asetoni mgongoni na kuisugua kwa kijiko, tona inalainika na kuhamia kitambaani. Wino wa maji hauna habari na asetoni yako.

Msanii Mmarekani Robert Rauschenberg alihamisha picha za magazeti kwa mbinu ya jamii hii, na mwaka 1974 akaanza mfululizo wake wa Hoarfrost kwenye hariri na shifoni. Wazo alilipata kwenye vitambaa vya shashi vilivyotumika kufutia mawe ya kuchapia, maana vilibaki na alama za magazeti. Sisi wengine tambara la kufutia tunalitupa, halafu tunalalamika kwamba hatuna vipaji.

Fungua madirisha, na jiko likae mbali. Asetoni inashika moto kuliko maneno ya kitchen party.

4. Umeambiwa sublimesheni inaweza kila kitu
Inaweza, ila kwenye polista. Wino wake hugeuka gesi kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi na kujipenyeza ndani ya nyuzi za polista; pamba haiupokei. Hapa ndipo jezi ya mtumba inapoishinda hariri mchana kweupe. Wenye pamba tumieni karatasi ya kuhamishia kwa pasi: meza ngumu, joto kavu, bila mvuke. Pasi ya mkaa ina heshima zake, lakini jivu likidondokea uso wa shangazi, utajieleza wewe.

3. Picha imehama vizuri, wewe ukaitoboa
Njia nyingine ya kuhamisha picha ni jeli ya akriliki, na ikikauka inakuwa plastiki. Ukifumua mshono kwenye pamba, tundu hujifunga. Kwenye jeli linabaki pale pale, linakutazama. Basi chora njia ya mishono kwenye kopi kwanza, tumia sindano nyembamba yenye ncha kali, na uyaache macho ya watu. Nguvu za kushona zipeleke pembeni. Msanii Faith Ringgold, katika kazi yake Tar Beach ya mwaka 1988, aliweka mchoro katikati na kuuzungushia vipande vya vitambaa. Mvaa kanga hahitaji semina kwa hilo: mji katikati, pindo pembeni.

2. Haraka
Paka jeli upande wa kopi wenye picha, ilaze kopi kifudifudi juu ya merikani, kandamiza kwa mti wa kusukumia chapati kutoka katikati kwenda nje ili viputo vitoke. Kisha nenda kalale. Ndiyo, kalale.

Kesho yake lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, usugue kwa ncha za vidole, mviringo, taratibu. Karatasi inajiviringa na kutoka kidogo kidogo. Zinatokea nywele, halafu paji la uso, halafu jicho. Hapo ndipo mtu hupagawa, akasugua kwa nguvu, na jicho likaenda na maji. Pumzika. Ikikauka utaona ukungu mweupe: hizo ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Lowesha tena, sugua tena. Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata macho.

1. Hukuigeuza
Kopi ikilazwa kifudifudi, kushoto kunakuwa kulia. Sura ya mtu husamehewa. Wachache watagundua kwamba kipini cha bibi kimehama pua. Maandishi hayasamehewi. Umemaliza pindo, umemaliza mji, na chini umeweka maneno makali ya kumfikia jirani. Jirani anaingia sebuleni, anasoma, anainamisha shingo, anasoma tena, kisha anakupa mkono: “Hongera, shoga! Kumbe siku hizi unaandika Kirusi!”

Igeuze kwenye kompyuta kabla ya kuchapa, au mwombe kijana wa steshenari akugeuzie. Mpasho unaohitaji kioo ili usomeke si mpasho. Ni zawadi kwa adui.